JARIDA LA KARATASI NA LA KOMPYUTA: TUTUPE LIPI?

Sisi wa Mwakirunge twalijua jaa. Malori huja na taka za Mombasa, na ndani yake mna magazeti na majarida. Juzi nilinunua kaimati, nikafungiwa katika ukurasa wa jarida kuukuu. Nikausoma njia nzima. Makala ikakatika palipo patamu, na mwisho wake sijaupata hadi leo! Basi nikajiuliza: kwa kuwa siku hizi majarida yamo kwenye kompyuta, ya karatasi yatupwe?

Kwanza tuelewane. Kitabu hutoka mara moja, lakini jarida hutoka toleo kwa toleo, na matoleo huunganishwa kuwa juzuu. Toleo moja likipotea, juzuu ina pengo.

Tuchukue mfano. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930, ikatoa jarida lake. Makao yake yalihamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, hata hapa Mombasa, kisha Dar es Salaam tena. Jarida nalo lilibadilishwa jina zaidi ya mara moja. Leo laitwa Kiswahili. Mkutubi asipoyaunganisha majina hayo, msomaji atadhani ni majarida mbalimbali.

Sasa maktaba ifanye nini?

(a) Iwe na rejista. Kila toleo liingiapo, iandikwe juzuu, namba na tarehe. Namba iliyorukwa itafutwe mapema.

(b) Ijalidi matoleo. Pwani kuna unyevu, na mchwa hawana likizo.

(c) Ilinganishe. Kabla ya kuondoa karatasi, nakala ya kompyuta ikaguliwe ukurasa kwa ukurasa. Huenda jalada limeachwa au picha imekuwa nyeusi tu.

(d) Iulize masharti. Nakala nyingine ni za kulipia. Malipo yakikoma, mlango waweza kufungwa.

Huko Marekani, mradi wa JSTOR ulianzishwa ili kupunguza mzigo wa rafu. Hata wao waliweka nakala za karatasi ghalani.

Na sisi je? Katika kabati la chama chetu, matoleo mawili ya jarida hili hayapo, wala hayamo katika kompyuta yoyote tuijuayo. Ndugu msomaji, kama kaka au dada yako analo nyumbani, tafadhali lilete tulinakili, kisha tutamrudishia. Mali bila daftari hupotea bila habari.