Spika inayopotea umeme ukirudi

Swali: Nina spika mbili za Wi-Fi hapa Tengeru, moja sebuleni, nyingine nyumba ya uani, ambako nimefunga ruta ya pili. Umeme ukikatika na kurudi, ya uani haionekani kwenye simu, ingawa taa yake inawaka. Je, imeharibika?

Jibu: Sidhani, ndugu msomaji. Umeme ukirudi, spika huwaka kabla ruta haijawa tayari, ikakosa mtandao. Izime, subiri taa ya intaneti kwenye ruta itulie, kisha uiwashe.

Ikigoma, mimi ningeishuku ile ruta ya pili. Fungua mipangilio ya Wi-Fi ya simu ukiwa sebuleni, usome anwani ya IP, kisha uisome tena ukiwa uani. Ukiona 192.168.1 sebuleni na 192.168.0 uani, una mitandao miwili, na simu haitaiona spika iliyo upande wa pili. Ibadilishe ruta ya uani iwe "access point"; mipangilio yake mara nyingi ina chaguo hilo. Hakikisha pia hujaunganisha simu kwenye mtandao wa wageni, maana huo huzuia vifaa kuonana.

Usikimbilie kufuta mipangilio ya spika. Utalazimika kuiunganisha upya, na tatizo litabaki palepale.