Michezo ya maji itafika lini Tabora?

*Watoto wangu hapa Kanyenye wanauliza kwa nini mabwawa ya kuteleza yako Dar es Salaam tu. Wawekezaji hutazama nini? – Mama Watatu, Tabora*

Mama Watatu asidhani Tabora imesahauliwa. Mwekezaji huhesabu vichwa kwanza: nani atafika, atalipa na kurudi tena. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5.3, ndiko Wet 'n' Wild ya Kunduchi na Fun City ya Kigamboni zilikojengwa. Wild Waters ya Mombasa huvuta watalii pia.

Halafu hutazama maji, umeme, na mvua ya Tabora ya Novemba hadi Aprili.

Kwa sasa wazazi wachangie majumba ya upepo ya kurukia wakati wa kiangazi. Anayetaka kuwekeza amwone ofisa biashara wa manispaa kabla ya kukodi kiwanja.