Mwanangu, Kapime Damu Kwanza

Barua yako nimeisoma yote, na nitaanzia mwisho wake, kwa maana huko ndiko ulikolitupa jambo zito kana kwamba ni dogo. Umeandika mstari mmoja tu: unasikia kizunguzungu, na vidole vya miguu vinakufa ganzi. Huu ni mwaka wa pili huli nyama, samaki wala mayai, hunywi maziwa, hugusi samli. Kapime damu wiki hii, hapo hapo Garissa. Usingoje chuo kifunguliwe Nairobi.

Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kumfikisha miaka kadhaa; ndiyo maana wengi huacha vyakula hivi wakajiona wazima. Akiba ikiisha, damu hupungua na neva huumia, na neva zikikaa hivyo muda mrefu huenda zisirudi kama zamani. Mweleze daktari waziwazi unachokula na usichokula. Sukuma wiki na maharagwe yamejaa foleti, nayo inaweza kuifanya damu ionekane nzuri huku neva zikiendelea kuharibika. Pengine tatizo ni jingine kabisa, lakini hilo waseme wa maabara. Hata ukikutwa mzima, tembe za B12 utameza maadamu unaendelea hivi. Na ile chai ya rangi unayokunywa kila umalizapo kula, isogeze mbele saa nzima, maana inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye kunde. Chakula chako kikamulie ndimu.

Mdogo wako wa miaka 4, mwache anywe maziwa yake. Hapa sina mjadala nawe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliwapa watoto kutoka shule 12 huko Embu githeri, wengine yenye nyama, wengine kwa kikombe cha maziwa, wengine yenye mafuta tu. Wa nyama ndio waliopata misuli zaidi na kufanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kufikiri. B12 ilipanda kwa wa nyama na wa maziwa. Chama cha Lishe cha Ujerumani, nchi ambayo duka lina kila kirutubisho kwenye kopo, mwaka 2016 kilisema hakipendekezi ulaji huu kwa watoto, wajawazito wala wanaonyonyesha. Wewe umechagua, mtoto hajachagua.

Sasa yale ya moyoni. Ulipita machinjio ya Kiamaiko, Nairobi, ukaona mbuzi wakishushwa kwenye lori, wengine wamevunjika miguu, wengine wamekufa njiani chini ya wenzao. Ulichokiona ni kweli na uchungu wako ni wa haki. Kaka yako anayekuita mzungu kwa ajili ya huruma hiyo amekosea. Mtume alifundisha kisu kinolewe na mnyama asiteswe, na alimkemea mtu aliyemtesa ngamia wake kwa njaa na kazi. Shangazi yako anayedai unaharamisha halali naye umtulize kwa adabu: kuacha chakula si sawa na kukiharamisha. Mradi wewe usiseme mama yako anatenda dhambi anapopika nyama ya suqaar.

Lakini hoja ulizozisoma kuhusu mifugo inayomaliza nafaka na misitu zinahusu mashamba makubwa ya ng'ombe wa kunenepesha huko Marekani na Brazili. Garissa, ukiacha kingo za Tana penye maembe na ndizi, shamba halisimami kwa mvua. Ngamia hula miti ya miiba ambayo wewe huwezi kuila, na kuigeuza maziwa. Ukimwambia ayeeyo, bibi yako, aache mifugo, utakuwa umemwambia akapange foleni ya mgao. Kambi ya wakimbizi ya Dadaab ni karibu. Nenda ukawaone watu wanaoishi kwa nafaka, kunde na mafuta bila kuchagua, uwaulize kama wanautaka mlo huo.

Kuhusu maziwa nitakuwa wazi zaidi. Ulikataa kwa sababu ndama wa ng'ombe wa viwandani hutengwa na mama yake mapema. Je, umewahi kuamka na ayeeyo wakati wa kukama? Ngamia hashushi maziwa mpaka ndama wake awe kando, na desturi ya wafugaji ni chuchu mbili za ndama, mbili za watu. Dume atauzwa siku moja, sikufichi. Hata hivyo ningekuwa wewe ningerudia maziwa haya, na nyama ningeiacha kama imenishinda. Na katika ukame ule ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapotea, Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wazee kama bibi yako walikuwa wakiwainua ng'ombe kwa mikono kila asubuhi ili wasimame. Usimhubirie bibi huyo habari za mateso ya wanyama. Akikuletea maziwa kutoka Balambala, pokea kwa mikono miwili, na kama hunywi, mpe mdogo wako anywe mbele yake.

Mama yako ameacha kukuita kwenye sinia kwa sababu kila akipika unakagua. Ingia jikoni wewe. Pika ambulo, samli uiache, utie mafuta ya simsim na sukari, choma muufo, pika wali ambao haukupitia mchuzi wa nyama, uuweke kati, kila mtu ale. Usitoe hotuba.

Hasira ya Kiamaiko usiizime, ipeleke mahali pake. Ukatili kwa wanyama, pamoja na kuwasafirisha kwa mateso, ni kosa chini ya Sura 360 ya Sheria za Kenya. Na umeniambia kaka yako ni dalali wa mbuzi soko la Garissa. Yeye anajua lori zinavyopakiwa kuliko yeyote aliyeandika makala ulizosoma. Muulize wanapakia mbuzi wangapi kwa lori moja, wananyweshwa wapi kabla ya Nairobi, na kila anayefika amekufa ni hasara ya nani.