Vitenzi vya Fundi: Kauli za Kitenzi katika Kuchunguza Ubovu wa Transfa ya Pikapu

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu istilahi za kiufundi katika Kiswahili aghalabu huwa mijadala kuhusu nomino. Huulizwa kifaa fulani kiitweje, na jina likishapatikana kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Tangu BAKITA lilipoundwa mwaka 1967 kazi ya kusanifu majina imefanywa kwa bidii, na manufaa yake hayana ubishi. Hata hivyo, fundi wa magari anayeletewa gari bovu haanzi kwa kuuliza jina la kifaa. Huuliza: "Linafanyaje?" Jibu analolitaka ni kitenzi.

Makala haya yanadai kwamba kauli za kitenzi cha Kiswahili hubeba taarifa za uchunguzi ambazo zikipuuzwa hufunguliwa chuma kisichostahili kufunguliwa, na gharama humwangukia mwenye gari. Mfano wetu ni transfa ya pikapu isiyo na difu ya kati, kama zilivyo Toyota Hilux nyingi na Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70. Transfa ni sanduku la gia lililofungwa nyuma ya giaboksi. Hupokea mzunguko, huupeleka kwenye propela ya nyuma na, dereva akitaka, kwenye ya mbele pia. Vilevile hutoa gia nzito ya kupandia milima na kutokea kwenye tope. Jina lake limetoholewa na mafundi wenyewe, nasi hatuoni sababu ya kulibadili.

2.0 Kuchomoka na kuchomolewa

Tuchukue sentensi mbili:

(1) Gia nzito inachomoka.
(2) Gia nzito inachomolewa.

Ya kwanza husikika kila siku. Ya pili haisikiki kabisa, na hapo ndipo penye tatizo. Kitenzi chomoa ni cha kauli ya kutendua, na chomoka hukiondolea mtenda: kitu kilikuwa kimeingia barabara, kisha kikatoka chenyewe. Fundi akiisadiki sentensi (1) atatafuta kilichoshindwa kuishikilia gia ndani ya sanduku, yaani springi iliyochoka, uma wa kusukumia gia uliolika ncha, au meno yaliyopoteza kona zake. Mengi ya hayo hayafikiwi bila kuishusha transfa na kuifungua.

Lakini yumkini mtenda yupo. Mipira inayoibeba giaboksi ikikatika, sanduku zima huinuka na kushuka kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, na mkono wa gia, ambao haukusogea pamoja nalo, huivuta gia nje. Gia hiyo haikuchomoka, imechomolewa. Uchunguzi wake ni mwepesi: breki zikiwa zimekanyagwa, gari liingizwe gia, klachi iachiwe kidogo tu, na msaidizi atazame kutoka pembeni kama sanduku linainuka. Vyuma vya kuunganishia mkono navyo vikaguliwe. Mpira mpya ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kuifumua transfa. Tungependa wanafunzi wa mnyambuliko waione tofauti hii kabla ya kuridhika na maelezo kwamba kauli ya kutendeka na ya kutendwa hutofautiana kwa kutajwa au kutotajwa mtenda tu. Hapa tofauti ni ya ukweli wa mambo.

3.0 Kukwama na kukazana

Transfa ya aina hii ikiunganisha ekseli zote mbili huzungusha propela mbili kwa kasi moja. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga tofauti hiyo humalizwa na tairi kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu tairi haziachii kwa urahisi, na msokoto hubaki ndani ya shafti, ukayabana meno ya kiunganishi hata mkono wa gia usivutike. Dereva husema: "Imekwama." Kitenzi hiki hakisemi lolote juu ya chanzo, na fundi mwenye pupa huchukua spana. Kumbe aghalabu hakuna kilichovunjika: kulirudisha gari nyuma mita chache kwa mstari mnyoofu huweza kuufungua msokoto.

Tunapendekeza isemwe kwamba shafti zimekazana. Kauli ya kutendana inaeleza jambo lilivyo, yaani shafti mbili, kila moja ikivutana na mwenziwe. Itapingwa kwamba kukazana kwa kawaida ni kufanya bidii. Ni kweli, lakini muktadha wa gereji unatosha kuondoa utata huo. Tairi mpya mbele na zilizolika nyuma huleta hali ileile hata katika barabara iliyonyooka, kwa hiyo zipimwe kwanza.

4.0 Kuvuma, kuhama, kuzuiwa

Mvumo hutafutwa kwa kutenganisha. Gari likiwa limesimama na magurudumu yamezuiwa, transfa iwekwe huru, giaboksi iingizwe gia na klachi iachiwe. Mvumo ukisikika, chanzo ni giaboksi au upande wa kuingilia wa transfa. Usiposikika, kitafutwe upande wa kutokea, kwenye propela au kwenye difu.

Oili nayo husemwa "imepungua", ilhali huenda imevuja au imehama. Sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikilika, chini hubaki pakavu, transfa ikawa tupu na giaboksi ikajaa kupita tundu la kujazia. Kuongeza oili hakuponyi; masanduku hutenganishwa, sili ikabadilishwa, na shafti ikapapaswa pale sili inapogusa, kwani yenye mfereji itavujisha hata sili mpya.

Jozi ya mwisho ni kufungwa na kuzuiwa. Katika Land Rover Defender ya zamani, ambayo transfa yake ni ya aina nyingine, breki ya mkono haishiki magurudumu bali shafti inayotoka nyuma ya transfa. Propela ya nyuma ikishaondolewa, breki huwa imefungwa lakini huenda gari halijazuiwa, na fundi yuko chini yake. Magurudumu yawekewe kabari kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa.