Kinolewacho Hupata
Somo kwa vikundi vyenye karakana ya nyumbani

LENGO: Tukimaliza somo hili, kila mwanakikundi aweze kunoa patasi yake mwenyewe, kujikinga yeye na wenzake kazini, na kumalizia chombo cha mti mpaka mnunuzi akubali kukishika mara ya pili.



Kuna kikundi kimoja cha kujisaidia upande wa Machakos ambacho tumekuwa tukikitembelea. Wanachama ni kumi na wawili: akina mama, vijana na wazee wawili. Wana mashine ya kukereza, yaani ile inayozungusha mti huku fundi akiuchonga kwa patasi. Ni ya kukanyaga kwa mguu, haitaki stima. Imewekwa bandani nyuma ya nyumba ya mwanachama mmoja, na jioni baada ya shamba wanakereza bakuli ndogo na miguu ya viti.

Siku moja walituambia, "Mwalimu, hizi patasi zimeisha. Utuandikie barua tupate zingine." Nasi tukaandika. Tulikaa kwenye benchi, tukanywa chai, tukaandika barua nzuri ya kuomba msaada, na hatukuomba kuona hata patasi moja. Hilo lilikuwa kosa letu.

Barua haikujibiwa. Kazi iliendelea na patasi zile zile. Kabla ya mwezi kwisha, patasi butu ilinaswa na mti, ikaruka na kumpasua kijana mmoja kiganja. Mama yake akasema mtoto wake hatarudi kwa hiyo mashine.

Tuliporudi kuwapa pole, mzee mmoja aliyewahi kuchonga vinyago alichukua ile patasi akaielekeza kwenye jua. "Tazameni," akasema. "Hii haijaisha. Hii haipati."

Tukamuuliza, "Mzee, mbona hukusema siku ile ya barua?"

Akajibu, "Hamkuniuliza. Mlikuwa mnaandika."

Jibu hilo lilituchoma, lakini lilitufundisha. Kisu kisichokata tunasema hakipati, na wahenga walisema kinolewacho hupata. Kabla ya kuomba chombo kipya, tuulize kama kile tulichonacho kimenolewa, na kama kati yetu yuko anayejua kukinoa. Ukambani kuna mfano mzuri. Mutisya Munge wa Wamunyu anakumbukwa kama aliyeleta uchongaji wa vinyago vya kuuza, baada ya kujifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Ufundi huo ulienea kwa jirani kumfundisha jirani.

Haya tuliyoyaandika tulifundishwa na mzee yule na mafundi wengine.

1. KUTAMBUA PATASI BUTU

Elekeza makali kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa, hapo ni butu. Makali mazuri hayang'ai, kwa maana ni membamba mno. Dalili nyingine ni hizi: patasi kali hutoa nyuzi ndefu za mti, butu hutoa vumbi. Na ukijikuta unasukuma kwa nguvu, simama. Fundi anayesukuma ndiye anayeumia.

2. KUNOA

Patasi ya kukerezea imepinda kama mfereji. Ubavu wake wa nje una mteremko unaoishia kwenye makali. Kwa anayeanza, mteremko wa nyuzi 45 unafaa. Huna kipimo? Chukua karatasi ya mraba, uikunje pembe kwa pembe. Pembe kali uliyopata ni nyuzi 45.

(a) Tumia jiwe la kunolea lenye pande mbili. Anza na upande unaokwaruza, umalize na ule laini. Lilowanishe kwa maji. Kama limezoea mafuta, endelea na mafuta.

(b) Lala mteremko wote juu ya jiwe, usiinue mkono. Isogeze patasi huku ukiibingirisha taratibu kutoka ubavu huu mpaka ule, ili makali yote yaguswe sawa.

(c) Endelea mpaka usikie kwa kidole ukingo mdogo wa chuma unaokwaruza upande wa ndani. Maana yake umefika kwenye makali. Uondoe kwa msasa laini uliozungushiwa kijiti cha mviringo.

(d) Maliza kwa kupitisha patasi kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, ukivuta kurudi nyuma. Ukisukuma mbele utaukata mkanda.

Wengine hupeleka patasi kwa fundi wa sokoni mwenye jiwe la umeme. Si vibaya, ila mwambie aichovye majini mara kwa mara. Patasi nyingi za kienyeji ni za chuma cha kawaida, na kikipata moto mpaka kugeuka buluu, ugumu wake umekwisha. Utainoa leo, kesho butu. Na jiwe la umeme linapoanza kuzunguka, msisimame mbele yake. Likiwa na ufa huweza kupasuka na kurusha vipande.

Onyo la tupa: vijana wengi hugeuza tupa kuukuu kuwa patasi. Tupa ni ngumu lakini ni dhaifu kama kioo. Ikinaswa na mti unaozunguka huvunjika, na kipande huenda usoni. Afadhali mhunzi awatengenezee kutoka springi ya gari.

3. KUJIKINGA

Mashine ya mguu huzunguka polepole kuliko ya umeme, lakini haina huruma.

– Egemeo la patasi liwe karibu na mti. Uzungushe mti kwa mkono kwanza kuhakikisha haugusi.
– Patasi iguse egemeo kwanza, ndipo iguse mti. Kijana wetu aligusa mti kwanza.
– Ile patasi pana ya kuanzia miguu ya viti isitumiwe kwa bakuli. Shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba, laweza kukatika.
– Leso, shali na mikono mipana ya nguo vikae mbali. Nywele ndefu zifungwe.
– Vaa miwani ya kukinga macho, na ufunge kitambaa puani wakati wa kupiga msasa, hata kama hakizuii vumbi lote. Vumbi la mti si unga wa ugali, linadhuru mapafu. Mti wa grivelia huwasha ngozi za watu wengine.
– Asikereze mtu peke yake.

4. KUKAUSHA MTI

Bakuli nyingi zinazorudishwa na wanunuzi zimepasuka kwa sababu zilikerezwa zikiwa mbichi na kumaliziwa siku hiyo hiyo. Mti mbichi ukikauka hunywea, na haunywei sawa pande zote.

Dawa yake ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza acha ukuta wa bakuli uwe mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana wake. Bakuli la sentimita 20 liachwe na ukuta wa sentimita 2. Lifukie ndani ya gunia lenye maranda, uliweke kivulini penye hewa. Lipime kwenye mizani kila baada ya wiki chache. Uzito ukiacha kupungua, limekauka. Hii huchukua miezi, basi anzeni nyingi pamoja, mwandike tarehe chini ya kila moja.

Kuhusu mti wenyewe, tumieni ile ya shambani: mwembe uliozeeka, mwarobaini, jakaranda, grivelia. Muhugu na mpingo tuviachie msitu, vimepungua sana kwa sababu ya wachongaji. Na kabla ya kukata, muulizeni afisa wa misitu.

5. KUMALIZIA

Msasa hufuata namba: 80, 120, 180, 240. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Ukiruka kutoka 80 mpaka 240, mikwaruzo itabaki, na mafuta yataionyesha zaidi. Patasi kali ikikata vizuri, unaweza kuanzia 120 moja kwa moja. Hapo ndipo kikundi kinaokoa pesa, maana patasi butu hung'oa nyuzi za mti, na msasa mwingi huishia kurekebisha uharibifu huo.

Mafuta ya kitani hukauka na kuulinda mti. Mafuta ya kupikia mengi hayakauki, hubaki yakinata na kunuka. Juu yake pakaeni nta ya nyuki, ambayo kikundi jirani cha wafugaji wa nyuki huenda wanaitupa. Iyeyusheni kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Rangi ya viatu ni ya vinyago, isipakwe bakuli la chakula.

Onyo kubwa: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kupata joto na kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Banda lenye maranda litateketea usiku mmekwisha lala. Kitandazeni nje kikauke, au kitieni kwenye ndoo ya maji.

KUMALIZA SOMO

Ile barua hatukuituma tena. Kikundi kilinunua jiwe moja la kunolea kutoka kwa michango ya wiki. Mzee hufundisha kila Jumamosi, na kila mtu hunoa kabla ya kuanza, si baada ya kukwama. Yule kijana alirudi baada ya kidonda kupona, lakini mama yake alikuja naye, akakaa bandani mpaka akaona miwani na egemeo kwa macho yake. Tulimheshimu kwa hilo. Wale wa kikundi tulipaswa kuuliza maswali yake kabla yake.

Msome pamoja Mhubiri sura ya 10, aya ya 10, inayohusu chuma butu na nguvu inayopotea, kisha mjadiliane.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kikundi chetu, ni kifaa gani tunasema kimekwisha na kumbe hakijanolewa?
2. Ni nani kati yetu anajua jambo na hatujawahi kumuuliza? Kwa nini hatukumuuliza?
3. Mtu akiumia kazini kwetu leo, nani atampeleka hospitali, na kwa pesa gani?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja alete kifaa kimoja butu kutoka nyumbani, iwe patasi, panga au jembe. Vinolewe hapo hapo kwa pamoja.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.