Mvua, Makorongo na Afya: Jinsi Makazi Yanavyobadili Mwendo wa Maji Ruaha Mbuyuni

Ruaha Mbuyuni ni mji mdogo katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia. Wasafiri huukumbuka kwa mibuyu na vitunguu. Kwa mhudumu wa afya, jambo la kuzingatia zaidi ni mahali ulipo: katika bonde lenye joto, chini ya milima, karibu na Mto Ruaha Mkuu. Makorongo yanayoteremka kutoka vilimani huwa makavu kwa miezi mingi, lakini mvua moja kubwa huweza kuyajaza kwa muda mfupi. Makala hii inaeleza kanuni chache za mwendo wa maji, namna makazi yanavyoubadili, na magonjwa yanayoweza kufuata.

Mvua inapofika ardhini

Mvua ikinyesha porini, sehemu ya maji hushikwa na majani, sehemu huzama ardhini, na yanayobaki hutiririka kuelekea korongoni. Mabati, saruji na udongo ulioshindiliwa na magari havinyonyi maji kama udongo wenye majani na mizizi.

Hesabu ndogo itasaidia. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya hekta 1 huleta mita za ujazo 300 za maji. Tuseme kichaka huruhusu sehemu 20 tu kwa 100 zitiririke. Korongo litapokea mita za ujazo 60. Hekta hiyo hiyo ikijaa nyumba, maduka na maegesho, na sehemu 80 kwa 100 zikatiririka, korongo litapokea mita za ujazo 240. Mvua haikuongezeka, lakini maji yamekuwa mara nne. Isitoshe, hufika kwa haraka zaidi, kwa kuwa hayakupata kizuizi njiani.

Nguvu ya mkondo

Kiasi cha maji yanayopita korongoni kwa sekunde ni zao la upana, kina na kasi. Mkondo wenye upana wa mita 2, kina cha nusu mita na kasi ya mita 1 kwa sekunde hupitisha lita 1,000 kila sekunde. Kalavati likizibwa na taka, maji hayo hupanda na kutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia majumbani. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo wa maji huwa mara nne. Ndiyo sababu mkondo unaofika magotini tu huweza kumwangusha mtu mzima, na mtoto ndiye aliye hatarini zaidi.

Bwawa la Mtera, lililo juu ya Mto Ruaha Mkuu, hupunguza makali ya mafuriko ya mto huo. Hata hivyo, halina uwezo juu ya makorongo yanayoingia mtoni chini yake. Mkazi anayeuona mto umetulia asidhani kwamba na korongo la nyuma ya nyumba yake limetulia. Miji mikubwa imekwisha kulipa gharama ya somo hili: mvua za Desemba 2011 jijini Dar es Salaam zilifurisha Bonde la Msimbazi na maeneo mengine, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha.

Kalenda ya magonjwa

Mvua za kwanza za msimu ndizo huwa chafu zaidi, kwani husomba kinyesi, taka na mabaki ya viuatilifu vilivyokusanyika kiangazi chote. Baada ya mafuriko, magonjwa hayaji yote kwa wakati mmoja. Kipindupindu huweza kujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5 baada ya mtu kunywa maji yenye vimelea. Homa ya matumbo huchukua wiki 1 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, huweza kuanza siku 2 hadi 30 baada ya mtu kukanyaga maji machafu. Malaria huongezeka wiki kadhaa baadaye, mbu wanapokwisha kuzaliana katika madimbwi. Kichocho hufuata njia nyingine: konokono wake hupenda maji yaendayo polepole, yakiwemo ya mifereji ya umwagiliaji.

Kwa hiyo swali "Mlipata mvua kubwa lini, na mlichota maji wapi?" lina nafasi yake katika chumba cha daktari.

Hatua za kuchukua

Familia isichote maji ya kunywa korongoni wala mtoni wakati mafuriko yanapita. Pasipo chanzo kingine, maji yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yachemshwe au yatiwe dawa. Mpangilio huo ni muhimu: tope hudhoofisha klorini, na dawa iliyotiwa katika maji machafu huweza kumpa mtu matumaini yasiyo na msingi.

Vyoo vya shimo vijengwe mbali na makorongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto kuwa eneo la hifadhi. Makalavati yasafishwe kabla ya Novemba. Paa la mita za mraba 50 linaponyeshewa milimita 20 hutoa takriban lita 1,000, yaani ndoo 50. Yakivunwa tangini, hayo ni maji ambayo hayatafika korongoni.

Mgonjwa anayeharisha maji mengi aanze kunywa mara moja maji yenye mchanganyiko maalumu wa chumvi na sukari unaotolewa vituoni, naye apelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Ikiwa njia imekatwa na mkondo, wasindikizaji wasijaribu kuuvuka kwa miguu wala kwa pikipiki. Waendelee kumnywesha kidogo kidogo na kuomba msaada kwa simu. Maji ya korongo la namna hiyo hupungua upesi kama yalivyojaa.