Mrudishie Mama Ungo Wake

*Shangazi,*

*Mama yangu ana miaka 63, anaishi Karachuonyo, karibu na Kendu Bay. Mwezi wa nane alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yanamkwama. Dawa za presha alikuwa ameziacha kwa kuwa alijiona mzima. Akina mama wa kanisa wanapokezana kumwogesha na kumlisha, na chama chake kimemwondolea mchango. Mimi nimeolewa Rongo, naenda kumwona kila Jumamosi. Wifi anasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, kaka anataka tumtafutie nyumba ya wazee, nami nafikiria kuacha kazi. Pamoja na mapenzi yote haya, Mama analia kila siku. Juzi nilimkuta akimenya njugu kwa mkono mmoja, nikampokonya ungo. Alinigeuzia uso mpaka nilipoondoka. Nifanyeje?*

*Nyar Karachuonyo, Rongo*

Nyar Karachuonyo, barua yako ilikuwa ndefu, nami nimeikata bila huruma.

Wifi yako na aombe atakavyo, lakini kiharusi ni mshipa wa damu ulioziba au kupasuka ubongoni, na presha isiyotibiwa ndiyo inayokileta zaidi ya kitu kingine chochote. Nyumba ya wazee ya nini, na Mama ana boma lake na majirani wanaobisha hodi bila kuitwa? Kuhusu kuacha kazi, usithubutu. Dawa zitanunuliwa na nani?

Sasa tuje kwenye ule ungo. Hukuniambia Mama alikuwa akifanya kazi gani, lakini mgonjwa hajikokoti hadi kwenye ungo kwa mkono mmoja kama hajaishi nao. Nitabahatisha kwamba njugu hizo ndizo zilizokulipia karo. Basi binti aliyesomeshwa kwa njugu akaingia nyumbani, akamkuta mama yake, baada ya miezi ya kulala na kulishwa, anajaribu tena kuwa mtu mwenye shughuli, akamnyang'anya! Mimi pia ningekugeuzia uso.

Hebu itazame siku yake. Asubuhi anavuliwa nguo na wanawake alioimba nao kwaya. Mchana anatiwa kijiko mdomoni, ilhali mkono wa kushoto ni mzima. Labda mnaona haya ale kwa kushoto mbele ya wageni. Jioni anasikia watoto wake wakijadili apelekwe wapi, yeye akiwa papo hapo, kana kwamba aliyekwamiwa na maneno amekuwa kiziwi. Hata chama kimemsamehe mchango, yaani kimemfuta kwa upole. Kila mmoja wenu ametenda wema, na wema huo mkiujumlisha, mmemstaafisha mtu ambaye hakuomba kustaafu. Mimi naamini, na wasomaji wangu wamechoka kunisikia, kwamba mtu mzima asiyetarajiwa kufanya lolote huanza kujiona marehemu.

Wala hili si suala la heshima peke yake. Mwanasaikolojia Mmarekani, Edward Taub, alionyesha kwamba baada ya kiharusi mtu hujizoesha kuuacha mkono dhaifu hata pale ambapo bado una uwezo kidogo. Kila ukijaribu unashindwa, basi anauweka kando, na kadiri unavyowekwa kando ndivyo unavyozidi kudhoofika. Ubongo hujipanga upya kwa kitu kufanywa na kurudiwa mara nyingi. Katika hospitali ya rufaa ya Homa Bay waulizie wataalamu wa viungo, na pia wale wa tiba ya kazi, ambao wamesomea hasa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno zaidi. Msiilalie.

Wakati mnangoja miadi, mkalishe kwenye kiti ambacho nyayo zake zinafika chini. Ungo ukae juu ya stuli. Mkono wa kulia uwekwe ukingoni, uuzuie usiteleze, hata kwa uzito wake tu, na wa kushoto ubambue. Msimwinue kwa kuvuta ule mkono uliolegea, bega linaweza kuteguka. Na ikiwa hukohoa anapokunywa maji, njugu ni za kumenya, si za kutafuna, mpaka daktari aseme.

Akina mama wa kanisa wasiache kuja, ila wabadilishe shughuli. Waje na gorogoro ya njugu, waketi wamenye pamoja naye, waimbe. Wapo wasioweza kusema sentensi baada ya kiharusi lakini nyimbo zinawatoka. Wakimuuliza jambo, wangoje jibu, wasimmalizie. Chama nacho kipokee mchango wake, hata kama ni shilingi hamsini, na jina lake lisomwe kama la wengine.

Machozi yenyewe mweleze daktari. Kiharusi huweza kuleta sonona, na wengine hulia kwa sababu tu ubongo umeumia. Dawa za presha hazina likizo, kwa kuwa presha haiumi. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya vijijini wamegawiwa mikoba yenye mashine ya kuipima. Mtafuteni wa kijiji chenu, muwe mnaandika namba kwenye daftari.

Nawe, mwanangu, sidhani ulimpokonya kwa ukali. Nadhani kila ukimwona akijisumbua unakumbuka zile dawa alizoacha bila wewe kujua, na unataka kumlinda leo kwa siku ile ambayo hukuwepo. Hukumletea kiharusi. Mwombe radhi kuhusu ungo, kwa maneno, maana anaelewa.

Kaka yako ana pesa za nyumba ya wazee, sivyo? Basi amlipie Mama mchango wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, kisha amwite fundi aweke vyuma vya kushikilia chooni na kusawazisha njia ya kwenda huko kabla mvua za Machi hazijaanza.